Meli iko Kilindini, mdaiwa hayuko: kisa cha ankara nne

Kisa hiki ni cha mteja niliyemwakilisha Mombasa, naye ameridhia nikieleze. Majina ya watu, ya meli na ya kampuni nimeyaondoa, mwaka sikuutaja, na viwango vya fedha nimevisogeza kidogo. Mpangilio wa matukio na sheria iliyotumika sikuvigusa.

Usuli

Mteja wangu, nitamwita Mzee, huuzia meli mahitaji. Ajenti wa meli anampigia simu usiku kwamba meli fulani inaingia kesho. Kabla ya adhana ya alfajiri Mzee yuko Kongowea anachagua vitunguu na nyanya, kijana wake yuko kwa mchinjaji, na pikapu nyingine imekwenda kuchukua kamba, rangi, glavu na balbu. Melini wavu unateremshwa, bidhaa zinapanda, mpishi anahesabu, afisa mkuu anasaini na kugonga muhuri. Malipo ni baada ya siku 30. Hakuna mkataba wa kurasa kumi. Kuna barua pepe ya oda, risiti ya kupokea bidhaa, na ankara.

Meli ya kisa hiki ilikuwa ya ngano. Ilikuja Mombasa, bandari ya Kilindini, mara nne katika kipindi cha mwaka na miezi kadhaa, na kila mara Mzee aliihudumia. Ankara zilikuwa dola 18,200, dola 11,600, dola 23,900 na dola 14,300. Jumla dola 68,000, na hakuna hata moja iliyolipwa. Kila alipouliza aliambiwa malipo "yako njiani".

Kwa nini aliendelea kuuza? Nilimwuliza. Akanijibu kwamba ukimfungia mlango mteja wa baharini, safari ijayo ajenti atampigia mwingine, na zile za nyuma ndizo utakuwa umezizika kabisa. Wafanyabiashara wengi wa bandarini wanaishi kwa hesabu hiyo, na sikuona haja ya kubishana naye.

Mdaiwa alikuwa nani hasa?

Swali hili ndilo lililotugharimu, ingawa siku ile tulilichukulia kama jambo la kujaza fomu tu.

Meli ilikuwa na bendera ya nchi ambayo wenye meli huenda hawajawahi kuikanyaga. Mmiliki aliyeandikishwa ni kampuni yenye mali moja tu duniani, yaani meli hiyohiyo. Ndivyo meli nyingi zinavyomilikiwa siku hizi: kila meli na kampuni yake, ili deni la moja lisiishike nyingine. Kampuni ya pili, ya nchi ya tatu, ilikuwa inaisimamia. Halafu kulikuwa na kampuni ya Ghuba, ambayo kwa safari tatu za mwanzo ndiyo iliyokuwa ikituma oda za Mzee. Yeye aliamini hao wa Ghuba ndio wenye meli. Hawakuwa. Walikuwa wameikodi kwa muda, pamoja na nahodha na mabaharia wake, na mkataba wao ulikwisha kabla ya safari ya nne. Oda ya nne ilitoka kwa wasimamizi, kwa niaba ya mwenye meli.

Tulilijua hilo lote siku ya sita. Meli tuliikamata siku ya tatu.

Njia zilizokuwepo

Njia ya kwanza ni kesi ya kawaida ya madai. Bidhaa zilitolewa Mombasa na malipo yalitakiwa kufanyika Mombasa, kwa hiyo mahakama ya Kenya ingeweza kuombwa ruhusa ya kumpelekea mdaiwa samansi nje ya nchi chini ya Amri ya 5 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai. Ruhusa hiyo hupatikana. Shida ni baada ya hukumu: unaichukua karatasi yako uende nayo nchi ambako kampuni ni sanduku la barua, uanze upya.

Njia ya pili ni kuikamata meli yenyewe. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, kinaipa Mahakama Kuu ya Kenya mamlaka ya mambo ya bahari kwa kiwango na kwa utaratibu wa Mahakama Kuu ya Uingereza. Kwa hiyo wakili wa Mombasa anayetaka kukamata meli hufungua sheria ya Uingereza ya mwaka 1981, vifungu vya 20 na 21. Huko, bidhaa zilizotolewa kwa ajili ya uendeshaji wa meli ni mojawapo ya madai yanayotambuliwa. Shauri linafunguliwa dhidi ya meli, na meli kuwepo ndani ya maji ya Kenya ndiko kunakoipa mahakama mahali pa kushika. Mwenye meli, akiwa popote duniani, analetwa na mali yake.

Ila kifungu cha 21 kina milango miwili, na lazima upite yote. Mlango wa kwanza: deni lilipozaliwa, yule ambaye angewajibika kwalo awe ndiye mwenye meli, au aliyeikodi, au aliyekuwa nayo mkononi. Mlango wa pili: siku unayofungua shauri, mtu huyohuyo awe ndiye mmiliki wa kweli wa meli hiyo, au awe ameikodi tupu, yaani bila mabaharia, akaiendesha kama yake. Aliyekodi kwa muda anapita mlango wa kwanza vizuri tu, na hapo ndipo watu hufurahi mapema. Kwenye mlango wa pili anakwama. Ngano si yake, meli si yake, hata mpishi si wake.

Yaliyotokea

Jumanne mchana Mzee aliona jina la meli kwenye orodha ya zinazotarajiwa. Jioni alikuwa ofisini kwangu na bahasha ya kaki. Meli ilipangiwa kuondoka Ijumaa.

Tulikesha. Jumatano asubuhi tukawasilisha hati ya madai, hati ya kiapo ya Mzee, na ombi la dharura la amri ya kukamata meli, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba gharama za ukamataji, walinzi na vinginevyo, tutazibeba sisi kwanza. Madai tuliyaweka yote pamoja, dola 68,000. Jaji alisikiliza upande mmoja, kama ilivyo kawaida kwa maombi ya aina hii, akatoa amri saa tisa alasiri.

Alhamisi asubuhi ofisa wa mahakama alikwenda melini kwa boti pamoja na karani wangu. Hati ya kukamata meli hubandikwa mahali panapoonekana, na wao walichagua kioo cha chumba cha usukani. Upepo ulikuwa mkali, kioo kina chumvi, na utepe wa gundi waliokwenda nao haukushika. Karani anasema nahodha aliwatazama wakihangaika, akaingia stoo, akatoka na utepe mpana wa kijivu. Akawaambia, "Tumieni huu." Mzee aliposikia habari hiyo aliuliza rangi, kisha akacheka hadi akakohoa. Utepe ule ulikuwa kwenye ankara yake ya tatu.

Nakala ilipelekwa kwa mkuu wa bandari, kibali cha kuondoka kikazuiwa. Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Meli inayosimama humla mwenyewe maelfu ya dola kwa siku. Ijumaa mawakili wa mwenye meli walijitokeza. Wateja huwa wanatarajia barua ya dhamana kutoka chama cha bima cha wenye meli, lakini kwa kawaida vyama hivyo havibebi madeni ya vitunguu na kamba. Vinabeba madhara kwa watu wengine. Ilibidi zitoke fedha taslimu. Jumatatu dola 90,000 ziliwekwa kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili, zikitosha deni, riba na gharama. Meli ikaachiwa siku hiyohiyo.

Tangu hapo meli haikuwa muhimu tena. Fedha zilisimama mahali pake.

Muhuri

Wiki ya pili ikaja hoja ya mwenye meli: mahakama haina mamlaka, shauri lifutwe, fedha zirudishwe. Walinukuu, kama kila wakili wa Kenya anavyonukuu, uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 1989 kuhusu meli Lillian S, ambamo Jaji Nyarangi alisema kwamba mamlaka ndiyo kila kitu, na mahakama isiyokuwa nayo haiwezi kupiga hata hatua moja zaidi. Leo maneno hayo yanasomwa hadi kwenye kesi za mashamba na za uchaguzi. Wengi wamesahau kwamba yalizaliwa kwenye kesi ya meli, tena meli iliyokamatwa kwa deni.

Nilimwita Mzee tupitie risiti zake moja moja. Kwenye risiti za safari tatu za mwanzo, chini ya saini ya afisa mkuu, kulikuwa na muhuri wa buluu wenye mistari minne. Mstari wa mwisho ulisema kwa Kiingereza kwamba bidhaa zimepokelewa kwa hesabu ya waliokodi, si ya mwenye meli.

"Mzee, muhuri huu uliuona?"

"Muhuri ni muhuri, mwanangu. Meli zote zina muhuri."

"Maneno yake uliyasoma?"

Akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akairudisha. "Jua lile la saa saba, ukiwa na mbuzi kumi waliochinjwa kwenye pikapu, wewe ungesoma?"

Sikuwa na jibu. Na mimi nilikuwa nimeziambatisha risiti zilezile kwenye hati ya kiapo, usiku, ofisini, penye taa na feni.

Hoja yetu ilikuwa kwamba nahodha ni mtu wa mwenye meli, na kwa desturi ya bahari nahodha anayo mamlaka ya kununua mahitaji ya lazima kwa niaba ya mwenye meli. Hiyo ni sheria ya kweli, na ya zamani. Lakini desturi hiyo husaidia pale ambapo hakuna anayejua nani ameagiza. Hapa barua pepe za oda zilitoka Ghuba, ankara ziliandikwa kwa jina la kampuni ya Ghuba, na muhuri ulikuwa umesema wazi.

Matokeo

Mahakama ilizifuta ankara tatu za kwanza kwenye shauri lile. Aliyewajibika kwa dola 53,700 alikuwa aliyekodi, naye siku tunafungua shauri hakuwa na umiliki wowote wa meli. Ankara ya nne ilibaki: imeagizwa na wasimamizi wa mwenye meli, mmiliki hajabadilika, milango yote miwili iko wazi. Fedha za ziada zilirudishwa. Wiki chache baadaye mwenye meli alilipa dola 14,300 na riba, kesi ikaisha kwa maelewano, kila upande ukabeba gharama zake.

Walitishia pia kudai fidia kwa kukamatiwa meli isivyostahili. Kipimo ambacho mahakama za Kiingereza zimekifuata tangu mwaka 1858 ni kikali kwa mwenye meli: athibitishe nia mbaya, au uzembe mkubwa kiasi cha kufanana na nia mbaya. Kwa kuwa ankara moja ilisimama, ukamataji wenyewe ulikuwa halali, na tishio likafa. Lakini laiti ankara ya nne isingekuwepo, ningekuwa na usiku mwingine wa kukesha.

Kwa zile ankara tatu tulijaribu tena. Kampuni ya Ghuba ilikuwa bado inaleta shehena kwa mwagizaji mmoja wa Mombasa, naye alikuwa anadaiwa na kampuni hiyo nauli ya meli. Deni ni mali. Tukaomba nauli hiyo ikamatwe kabla ya hukumu chini ya Amri ya 39. Ombi likakataliwa, na nadhani kwa haki: amri hiyo inataka uonyeshe kwamba mdaiwa anaondoa mali nchini ili kukwepa hukumu, na mfanyabiashara anayepokea nauli yake kama kila mwezi hajakwepa kitu. Kilichobaki ni samansi iliyopelekwa nje.

Uchambuzi: mali inamfikisha nani mahakamani?

Wazo la kumshtaki mgeni kwa sababu ana kitu hapa kwetu si la baharini tu, na mataifa hayalitumii kwa namna moja. Kifungu cha 23 cha sheria ya Ujerumani ya mwenendo wa madai kinaruhusu mtu asiye na makazi huko kushtakiwa pale ilipo mali yake, hata kama kesi haihusiani na mali hiyo. Wanasheria wa huko wana mzaha wa zamani: mgeni akisahau mwavuli hotelini, anaweza kushtakiwa kwa mamilioni kwa sababu ya mwavuli. Mwaka 1991 mahakama yao kuu ya madai ilibana mlango huo, ikataka kesi iwe na uhusiano wa kutosha na Ujerumani. Marekani walifika mbali zaidi halafu wakarudi. Mwaka 1905 mahakama yao ya juu iliruhusu deni kukamatwa popote anapopita mwenye kudaiwa, kama vile deni ni begi analotembea nalo. Mwaka 1977 wakasema mali peke yake haitoshi ikiwa kesi haina uhusiano nayo.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaukumbuka mfano wa karibu zaidi. Agosti 2019 ndege ya Airbus A220 ya Air Tanzania ilizuiwa Johannesburg kwa ombi la mtu aliyekuwa akiidai serikali ya Tanzania fidia ya mali zilizotaifishwa miaka ya 1980. Serikali ikajibu kwamba mahakama ile haina mamlaka, na tarehe 4 Septemba ndege ikaachiwa. Sheria ya Afrika Kusini, yenye asili ya Uholanzi, inatofautisha: mdai akiwa mwenyeji, kukamata mali ya mgeni kunaweza kuzaa mamlaka, mdai na mdaiwa wote wakiwa wageni, kukamata mali hakutoshi mpaka kuwe na kamba nyingine inayoifunga kesi na mahakama hiyo. Vijiweni tulibishana nani ana haki ya fedha. Mahakamani swali la kwanza lilikuwa kama pale ni mahali pake.

Sheria ya bahari ya Kenya iko kati ya hizo. Haijali Mzee anakaa Likoni au Lisboni. Haihitaji mkataba uwe umefanyika Kenya. Ukali wake ni mmoja, nao ni huu: mali iliyokamatwa lazima iwe ya mdaiwa yuleyule. Sisi tulikuwa na mali sahihi, bandari sahihi, deni la kweli kabisa, na kwa sehemu tatu kati ya nne, mtu asiye sahihi.

Kilichofanya kazi ni kasi. Saa ishirini na nne zaidi na tungekuwa tunaiandikia meli barua. Kuziweka fedha kwenye akaunti ya pamoja badala ya kusubiri dhamana ya benki ya nje nako kulitusaidia. Fedha zikiwa Mombasa, mazungumzo hufupika.

Kilichoshindwa ni changu zaidi kuliko cha Mzee. Madai yangegawanywa tangu mwanzo: ankara ya nne peke yake ikamate meli, na tatu za kwanza zielekezwe kwa aliyekodi katika shauri jingine. Kukamata meli kwa dola 14,300 kungeonekana kudogo, na hiyo ndiyo sababu, nikijisema ukweli, sikufanya hivyo. Pia tulikuwa na nafasi bora miezi mingi nyuma bila kujua. Kwa kawaida anayekodi meli kwa muda ndiye anayenunua mafuta yake, na mafuta yaliyomo tangini ni mali yake. Katika safari ya tatu meli ilikaa Kilindini siku kadhaa, ikiwa na mafuta ya kampuni ya Ghuba tumboni, na ankara mbili za kwanza tayari zimepitisha siku zake 30. Hiyo ilikuwa mali ya mdaiwa wa kweli, ndani ya maji ya Kenya. Kuikamata kabla ya hukumu kungetaka ushahidi ule mgumu wa Amri ya 39, lakini meli iliyo karibu kung'oa nanga ni hoja nzito kuliko nauli ya kila mwezi.

Kuna suala moja dogo ambalo mawakili huniuliza. Masharti yaliyochapwa nyuma ya ankara za Mzee, aliyoyanakili kwa mwenzake, yalisema sheria ya Marekani ndiyo itakayotumika. Huko muuzaji wa mahitaji ya meli ana haki inayoifuata meli popote iendapo, nani awe ameagiza na nani awe mmiliki si kitu sana. Tulifikiria kuitumia. Lakini Baraza la Faragha la Uingereza, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa za Singapore, katika rufaa iliyotoka huko kuhusu meli Halcyon Isle, liliamua kwamba kuwepo kwa haki ya namna hiyo huamuliwa na sheria ya nchi ya mahakama inayosikiliza. Kwa sheria tunayoifuata Mombasa, muuza vitunguu hana haki hiyo. Masharti yale yalikuwa mapambo.

Siku hizi Mzee amechapisha fomu yake ya oda. Juu kabisa kuna kisanduku kinachouliza anayeagiza ni mwenye meli au aliyekodi, na ajenti asipokijaza, pikapu haiondoki Kongowea. Kijana wake amepewa kazi ya kupiga picha ya muhuri kabla wavu wa mwisho haujapanda. Mwezi uliopita alinitumia picha moja saa nane mchana, muhuri wenye mistari minne, na swali fupi chini yake: "Wakili, huu nao?" Nikamjibu arudishe mbuzi.